Webb haikwenda kule kusogelea nyota, jamani

Kila zikitoka picha mpya za darubini ya James Webb hakosi mtu wa kuuliza, dola bilioni 10 hizi si wangechimba visima? Swali halali, wala simcheki. Mradi wenyewe hapo mwanzo ulipangwa uruke 2007 kwa hela ndogo mno, ukaja kuruka 25 Desemba 2021, na katikati hapo, 2011, kuna wabunge wa Marekani walitaka waufute kabisa. Halafu ikiharibika ndo basi tena, iko kilomita milioni 1.5 toka hapa, sio kama darubini ya Hubble iliyo karibu na dunia, ambayo 1993 watu walipanda wakaenda kuitibu macho.

Ila wengi wanaolalamika wanadhani imepelekwa mbali ili iwe karibu na nyota. Kilomita milioni 1.5 ukilinganisha na umbali wa galaksi (makundi makubwa ya nyota) ni kama kupanda stuli Dar ili uione Kigoma! Shida ni hewa yetu na joto letu. Mwanga wa galaksi za mwanzo umesafiri zaidi ya miaka bilioni 13, na ulimwengu ukitanuka nao unavutwa, mpaka umekuwa infraredi ambayo jicho halioni, mvuke wa maji hewani unameza sehemu kubwa na inayobaki inazamishwa na joto la dunia yenyewe, kwahiyo ukiwa huku chini ni sawa na kutafuta kibatari jua la saa saba. Ndo maana Webb ina mwavuli wa kuikinga na joto, wa tabaka 5, ukubwa wa uwanja wa tenisi. (Na jambo hili pwani tunalo zamani, satelaiti ya eksirei iliyorushwa Malindi 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru ilipelekwa juu kwa sababu hiyohiyo, eksirei hazipenyi hewa.)

Sasa kinachoninyima mimi usingizi ni galaksi moja, JADES-GS-z14-0, ilitangazwa 2024 kuwa ya mbali kuliko zote zilizojulikana. Tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 290 tu baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, chukulia ni mzee wa miaka 70, basi hapo alikuwa na mwaka na nusu. Unategemea ukute kitoto kinajifunza kutembea, unakuta kina ndevu! Inang'aa kuliko mahesabu ya wengi yalivyotabiri na ina oksijeni, na oksijeni mwanzoni haikuwepo, kulikuwa na haidrojeni na heliamu basi, oksijeni inapikwa ndani ya nyota na ili isambae nyota lazima ife. Yani tayari kuna nyota zilishazaliwa, zikaishi, zikafa, zikaacha urithi. Nyota kubwakubwa huishi miaka milioni chache tu, kwahiyo inawezekana, lakini zilianza lini sasa? Nalirudia swali hili kila siku.

Na hapa wapinzani wana hoja, tena nzito: walioithibitisha oksijeni hiyo 2025 ni ALMA, antena zilizoko Chile, ardhini hapahapa, kwenye jangwa kavu la mita 5,000 juu. Hukohuko Chile inajengwa darubini ya ELT yenye kioo cha mita 39, ya Webb ni 6.5, na kwa hela chini sana ya hizo bilioni 10.

Sawa. Ila ALMA nani aliwaonyesha pa kuelekeza antena? Webb. Na rekodi yenyewe ya umbali ishavunjwa, 2025 wameipata galaksi MoM-z14 kwa Webb hiyohiyo, ya miaka milioni 280 baada ya Mlipuko Mkuu.