Mnaichungulia Zanzibar, mimi naitazama Tanganyika

Ninalo daftari, kaunta buku la jalada gumu jeusi, ambalo mke wangu analiita kitabu cha uchawi. Lina utabiri mtupu. Nililianza 2010, siku za kampeni, kijiweni kwetu Magomeni, mzee mmoja alipotua kikombe cha kahawa kwenye benchi kwa kishindo na kutangaza: "Safari hii nchi inapasuka vipande viwili." Nikamwambia, mzee wangu, hilo naliandika. Akasema andika, na tarehe uweke.

Nikaweka. Tangu siku hiyo kila anayetabiri nikiwepo naandika mambo matatu: nani kasema, kasema nini, na kitatokea kabla ya lini. Hilo la tatu ndilo linalowakimbiza. Mtu yuko radhi aape kwa marehemu mama yake kwamba Muungano unakufa, ila ukimwuliza mwaka, anageuka kumwita muuza kashata.

Labda ni mtaa wenyewe. Magomeni ndipo alipoishi marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu, na wenye umri wangu wanakumbuka jinsi magazeti yalivyomngoja kila mwaka mpya aseme nyota zimesemaje. Alifariki 2011. Kazi yake haikurithiwa na mtu mmoja. Siku hizi kila mwenye bando ni mnajimu.

Kurasa zilizojaa zaidi ni za uchaguzi. Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alipotangaza kuufuta uchaguzi, niliandika mpaka peni ikaisha wino. Watu wazima, wenye digrii zao, walinitajia hadi mwezi. Machi 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF wakasusa, boti za Unguja zikaendelea kujaa asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja aliyerudi kijiweni kufuta kauli yake.

Kisha ikaja 29 Oktoba 2025. Aliyekuwa Dar siku zile hana haja ya kusimuliwa: matairi yanaungua, intaneti imezimwa, amri ya kutotoka nje usiku, na watu waliokufa ambao hesabu yao bado inabishaniwa. Intaneti iliporudi, simu yangu ilimiminiwa utabiri kama mvua za masika. Nchi imekwisha. Zanzibar inaondoka. Wengine walikuwa wameshachora na ramani.

Hapo ndipo nilipokereka. Walioingia barabarani walikuwa na ugomvi na uchaguzi, hawakuwa na ugomvi na ramani. Nchi kuchafuka ni jambo moja, nchi kuvunjika ni jambo lingine, na sisi tunayachanganya kama pilau na biriani. Kenya ilichafuka mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watu zaidi ya elfu moja wakauawa, na Kenya iko palepale kwenye ramani. Czechoslovakia ikavunjika 1 Januari 1993 bila hata kioo cha dirisha kupasuka. Mawaziri wakuu wawili, Klaus wa upande wa Wacheki na Mečiar wa Waslovaki, walikaa, wakakubaliana, wakagawana. Wananchi hawakupigishwa hata kura ya maoni.

Watabiri wakubwa wa dunia nao hawana tofauti sana na wa kijiweni kwetu. Igor Panarin, profesa wa Urusi, alisema tangu 1998 kwamba Marekani itavunjika vipande sita ifikapo 2010, Alaska irudi kwa Warusi. Bado tunangoja. Andrei Amalrik, naye Mrusi, aliandika mwaka 1969 akiuliza kama Muungano wa Kisovieti utafika 1984, akidhani vita na China ndivyo vitakavyouangusha. Alikosea mwaka, akakosea na sababu, lakini nchi kweli ikafa, 1991, yeye akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Huyu ningemnunulia kahawa.

Ila jinsi Wasovieti walivyovunjika ndiyo inayoninyima usingizi kidogo. Machi 1991 walipiga kura ya maoni, na katika jamhuri zilizokubali kushiriki zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walitaka Muungano ubaki. Miezi tisa baadaye, 8 Desemba, wanaume watatu walikutana kwenye nyumba ya wawindaji katika msitu wa Belarus: Yeltsin wa Urusi, Kravchuk wa Ukraine, Shushkevich wa Belarus. Wakasaini, ikawa basi.

Kweli, Lithuania na wenzake wa Baltiki walikuwa wametangulia kutoka. Lakini wadogo wakitoka, nyumba hubaki na vyumba pungufu. Nyumba iliporomoka pale Urusi, mwenye nyumba mwenyewe, ilipoona imechoka kulisha wengine na kutukanwa juu. Ilianza Juni 1990 kwa kutangaza mamlaka yake yenyewe. Na kumbuka, mpaka mwaka huo Urusi haikuwa na hata chama chake cha kikomunisti, wakati jamhuri nyingine zote zilikuwa nacho. Ilikuwa imemezwa na Muungano kiasi kwamba Muungano na Urusi vilionekana kitu kimoja.

Unaisikia harufu ya kitu unachokijua hapo?

Chukua na Singapore. Tumezoea kudhani ilijitoa Malaysia. Ilitolewa. 9 Agosti 1965 mkubwa alimfungulia mdogo mlango, na Lee Kuan Yew akalia mbele ya kamera za televisheni. Muungano wao ulikuwa haujatimiza miaka miwili, na huu wetu siku hiyo ulikuwa na mwaka mmoja na miezi.

Najua kuna waliotoka wakiwa wadogo. Eritrea ilitoka Ethiopia, Sudan Kusini ikatoka kwa kura ya karibu asilimia 99 mwaka 2011. Lakini hao walipigana msituni miaka na miaka kwanza, mpaka Addis Ababa na Khartoum zikaridhia. Zanzibar ina malalamiko tele, haina msitu.

Halafu malalamiko ya Zanzibar yana pa kulala. Wana rais wao, Baraza la Wawakilishi, bendera, katiba ambayo tangu 2010 inasema wao ni nchi. Wana hata jina rasmi la manung'uniko yao: kero za Muungano. Vikao vinafanyika, kero zinahesabiwa, nyingine zinatangazwa zimetatuliwa. Ukimsikia Mzanzibari anakumbusha ile kauli inayonasibishwa na Mzee Karume, kwamba Muungano ni koti, likibana unalivua, jua hilo koti ameshalilalamikia miaka sitini na bado analo mwilini.

Mbara akilalamika anaenda wapi? Hana ofisi. Tanganyika haina waziri, haina mlinzi, haina hata kibao mlangoni. Kwa hiyo linakaa kifuani, kisha linatoka siku moja lote. Lilitoka 1993, baada ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu: wabunge hamsini na watano wa Bara, ndio G55, wakadai serikali ya Tanganyika, na Bunge likaridhia. Mwalimu Nyerere alilazimika kuingilia kati kulizima, na kabla ya 1994 kwisha Malecela hakuwa tena Waziri Mkuu. Lilitoka tena 2014 kwenye Bunge Maalumu, rasimu ya katiba ya Jaji Warioba ikiwa na serikali tatu. Likatoka 2023 kwenye sakata la mkataba wa bandari na Dubai, pale watu walipoanza kuhesabu nani katika waliosaini anatoka Unguja. Mimi nilikuwa kwenye daladala ya Gerezani siku moja wakati huo, konda na abiria wawili wanabishana, na neno Tanganyika lilitajwa mara nyingi kuliko kituo chochote. Miaka ishirini nyuma ungelisikia kwa wastaafu tu.

Leo ukimtafuta Nyerere wa kulizima, humpati.

Sasa na mimi niandike langu, maana kijiweni wameshanisema kwamba nahukumu tu. Muungano hautavunjika kabla ya 2035. Lakini utakapotikiswa kweli, atakayeutikisa hatatoka Pemba. Atakuwa mwanasiasa wa Bara, mwenye suti nzuri, ndani ya chama kilekile kinachoulinda, aliyepiga hesabu akaona kiti cha Tanganyika kinatosha. Tarehe nimeweka.

Juzi nilipanda bodaboda kutoka Mapipa. Kijana mdogo, hajafika ishirini na tano. Kwenye tangi amebandika stika, kijani juu na chini, nyeusi katikati, michirizi ya njano. Ile ya 1961. Nikamwuliza ameijulia wapi, akasema kwenye simu. Tulisimama mbele ya duka la Mpemba la mtaani kwetu, ambako nyumba yangu inakopa unga na sukari, na muuzaji alikuwa ameegemea kaunta anatutazama.

"Umeipenda, mzee?" kijana akaniuliza akihesabu chenji. "Ninazo nyingine nyumbani. Buku tu. Nikuletee?"