Shika... moo!

Najua mmeshaiona video. Jamaa yangu kaiweka status kabla hata sijafika nyumbani, tena kakata mwanzo, inaonekana kama nilianza kucheza mwenyewe tu mlimani. Sasa nisikilizeni mimi.

Ni mimi niliyekuwa nawapigia kelele kwamba tangu mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR, uanze mwaka 2024, Moro imekuwa kama Kariakoo. Unaondoka Dar asubuhi, saa mbili hazijatimu umeshashuka, bajaji hadi mjini, unaupanda Uluguru kwa miguu mpaka Morningside kwenye ile nyumba ya Mjerumani, usiku unalala kwako. Bado nasimamia hayo. Kosa ni kwamba nilivaa modo, suruali ile ya kubana. (Picha za treni zilidai modo, msinianze.)

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wa kule ukilowa ni sabuni ya mche. Nimesimama nahema, najifanya naangalia mandhari, mara anashuka bibi wa Kiluguru. Tenga la kabichi kichwani, hajalishika. Miguuni yeboyebo. Adabu ikanijia. Nikasogea ukingoni nimpishe, nikavua na kofia.

"Shika..."

Mguu wa kulia ukaondoka bila kuaga. Wa kushoto ukabaki palepale, unausubiri mwenzake. Katikati yao kuna modo, na modo haina subira: nikaisikia inaanza chini, trrr, ikatulia kama inajiuliza, halafu ikamalizia mpaka kwenye mkanda. Nikakaa. Na nilipokaa ndipo safari ikaanza, kwa makalio, taratibu, napita mbele ya bibi tunaangaliana, yeye kageuza macho tu, shingo haijasogea, mpaka nikatua kwenye tuta la mboga la watu.

"...moo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kabichi hata moja haikutikisika. Aliyetikisika ni jamaa yangu na simu yake.

Bibi akafungua kanga aliyojitanda, akanirushia. Nikampa hela ya kununua nyingine, nikamwomba radhi mwenye tuta, bajaji, stesheni, behewani. Mchongoko unafika kilomita 160 kwa saa, jana niliuona unatambaa. Maana jina la kanga lilikaa nyuma kabisa, nilipokalia mlima, herufi kubwa: MTANIONA HIVI HIVI.

Kuna mtoto behewani ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Alilisoma kwa silabi.