Bibi kasema desservir, mie nikamletea jangwa

Kosa ni la Kifaransa, si langu, na nitasema hivyo mpaka siku naingia kaburini.

Nilikuwa nafanya kazi ya uweita kwenye hoteli moja huku Unguja, pwani ya mashariki, mwezi wa nane, kusi linavuma mpaka vitambaa vya meza vinataka kwenda Pemba vyenyewe, na Wafaransa ndo wamejaa maana kwao skuli zimefunga. Bosi alikuwa ananitegemea kwa Kifaransa. Kifaransa chenyewe nimekiokota ufukweni kwa mapapasi, wale vijana wanaofukuzana na watalii kuwauzia safari, kwa hiyo nilikuwa najua bonjour, najua ça va, najua kuuza safari ya pomboo Kizimkazi na kupunguza bei mara mbili, najua na kumwambia mtu ana macho mazuri. Mambo ya vyombo hakuna aliyenifundisha, papasi na vyombo wapi na wapi.

Usiku huo kuna meza ndefu ya familia moja, babu, bibi, watoto wao, wajukuu, wote wameshamaliza kula samaki changu wa kupaka, mezani imebaki mifupa, vichwa, maganda ya ndimu na michuzi ya nazi. Bibi, mtu mwenye heshima zake, mkufu wa lulu shingoni, akaniita taratibu akasema, "Vous pouvez desservir." Mie nikasikia vous pouvez, hiyo naijua, unaweza. Afu nikasikia dessert. Ile vir ya mwisho nikaona ni madeko tu, si unajua Kifaransa kina mikia mingi. Nikasema oui madame, nikaingia jikoni mbio.

"Deseti meza ndefu!"

Mama wa keki akaniangalia juu mpaka chini. "We mwanangu, vyombo vishatoka?"

"Shangazi, mgeni mwenyewe kataka, mie nani?"

Nikatoka na trei, krimu karameli kwenye vikombe, keki ya chokoleti, aiskrimu ya iliki. Kufika pale ndo naona hakuna pa kuweka hata kijiko. Lakini oda ni oda, nikaanza kupachika, karameli hii juu ya ukingo wa sahani ya mifupa, ile katikati ya glasi mbili, aiskrimu nikamkabidhi babu mkononi kabisa maana yeye alikuwa bado ana mikono mitupu. Nikanyoosha mgongo, nikatangaza kwa sauti, kwa ile z niliyozoea kusikia kwa Waingereza, "Madame, messieurs, le dezert!"

Meza nzima kimya. Afu kijukuu kimoja kikaanguka na kiti kwa kucheka.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Mfaransa deseti yake ina s, ukitia z umeshasema jangwa. Yani nimesimama mbele ya watu na aproni yangu safi nawatangazia jangwa, na kusi nalo hapo hapo likapuliza mchanga wa ufukweni ukatua kwenye keki, wageni wakaona labda ndo utaratibu.

Bibi akajaribu tena, "Non, non, desservir, s'il vous plaît," huku anazungusha mkono wake juu ya meza yote kuanzia huku mpaka kule. Hapo ndo nilielewa vizuri sana: meza yote! Kumbe hazijatosha! Nikarudi jikoni nikabeba kila kilichokuwa kwenye friji, zikiwemo na za Wataliano wa meza ya pembeni ambao hata samaki wao bado alikuwa jikoni. Mama wa keki ananifuata nyuma anapiga kelele, mie sisikii, nina kazi.

Sasa babu ana aiskrimu mbili, moja kila mkono, zinayeyuka zinaingia kwenye mikono ya shati. Kijana wao mmoja kwa huruma akaweka sahani ya mifupa mapajani kwake ili karameli ipate pa kukaa. Likaja pigo la upepo, kikombe kikateleza juu ya kichwa cha changu, wallahi kama kinajua kinakokwenda, moja kwa moja kwenye mkoba wa bibi uliokuwa wazi kwenye kiti.

Na hapo, badala ya ugomvi, babu akaanza kusomesha. Kumbe ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu hata nyumba ikiungua atakueleza kwanza neno moto limetoka wapi. Akasema kwa Kiingereza chake kilichochanganyika: servir ni kuandaa mezani, ile des ya mbele inafumua kazi, kwa hiyo desservir ni kutoa vyombo. Na dessert imezaliwa humo humo, ni kile kinacholetwa meza ikishasafishwa. Sukari haimo kwenye neno hata chembe! Limeandikwa tangu 1539, akasema, anaonyesha hewani na aiskrimu inadondoka, na Waingereza wakalichukua huko miaka ya 1600, na kwenye karamu zao kubwa ilikuwa sahani zinaondoka, kitambaa cha meza nacho kinaondoka, ndo yanakuja matunda, njugu na vitu vya sukari. Mie nilichofanya ni kuleta mtoto kabla mama hajaolewa.

Nikamwambia babu yangu, shikamoo, lakini mnatuonea. Sie huku vitamu havina zamu. Pilau tunalila na ndizi mbivu, tonge moja, kipande kimoja. Tikiti linakaa sahani moja na wali na mchuzi unaligusa na hakuna anayelia. Ramadhani tende inatangulia, kaimati zipo pale pale, vyombo vinatoka baadaye. Na sie neno letu la vitabuni ni kitindamlo, kinachofunga mlo kama kitinda mimba anavyofunga uzazi, limetazama tumbo, nyie lenu limetazama kazi ya weita. Bibi angesema kitindamlo mie ningemwelewa, ingawa kusema kweli nyumbani kwetu sijawahi kulisikia hilo neno likiitwa, tunasema "kuna nini kitamu?"

Babu alifurahi, akaomba kalamu aandike, akakumbuka hana mkono.

Bosi yeye hakufurahi. Nilipekua nikakuta kuna Mwingereza anaitwa William Vaughan, kwenye kitabu chake cha afya cha 1600, kaandika kabisa kwamba ulaji huo Wafaransa wanaouita desert si jambo la asili na unapingana na utabibu, na kaliandika kwa s moja, sawasawa na jangwa langu! Nikamsomea bosi nikidhani nimeshinda kesi. Akaniuliza kama huyo Vaughan ndo atalipa karameli.

Wataliano waliambiwa deseti zimeisha, mama wa keki kwa hasira akawakaangia ndizi kwa sukari na iliki akawapelekea bila kuulizwa, wakataka tena, wakataka na bei. Ile familia nayo ilikula kila kitu mpaka vya mchanga, wajukuu hasa, nikaja kutoa vyombo vyote kwa pamoja, yani desservir yangu ilikuwa moja, kubwa, ya mwisho.

Ikaja bili. Bibi akaingiza mkono kwenye mkoba, akatulia kidogo, akautoa. Noti za yuro zimenata karameli zote, bosi akazianika moja moja kaunta kazikandamiza na glasi zisipeperuke. Ya tipu yangu ndo ilikuwa imelowa kupita zote, na yule jamaa wa kubadilisha fedha aliinusa kwanza, akailamba kona, ndo akanipa shilingi zangu.