Mnajenga Tanuri, Mnaliita Ofisi

Juzi nilikwenda kufuatilia barua kwenye ofisi moja hapa Dar, ghorofa ya sita, jengo jipya linang'aa mpaka linaumiza macho. Foleni ilikuwa ndefu, nikapata muda wa kukagua mazingira. Ukuta wote wa magharibi ni kioo, kuanzia sakafuni hadi darini. Na kioo chenyewe kimezibwa na maboksi ya karatasi za printa, yamekatwa yakabandikwa kwa selotepu, na pale boksi lilipopungua imetundikwa khanga. Saa tisa alasiri, jua kali nje, ndani taa zote zinawaka. Kiyoyozi kimeshushwa hadi 16, na dada wa kaunta bado anajipepea na faili.

Yaani mtu kalipa kuleta mwanga, kisha kalipa kuufukuza, kisha analipa LUKU ya kuuleta tena kwa taa. Halafu tunaambiwa huo ndio usasa.

Nieleweke: sina ugomvi na kioo. Ugomvi wangu ni kioo kisicho na kivuli nje. Nje, jamani, si ndani! Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia. Linachoma meza, sakafu na mabega yako, na joto linalotoka kwenye hiyo meza halirudi kupitia kioo kirahisi kama lilivyoingia. Pazia la ndani linakuepusha na mng'ao wa kompyuta, lakini joto umeshalikaribisha, na pazia lenyewe linageuka hita. Kinachosaidia ni kitu kinachokinga jua kabla halijagusa kioo: upenu, kibaraza, matofali ya matundu, mbao za wima, hata mwarobaini.

Na jua letu wala halina ujanja. Dar tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, juu sana, kama digrii 60 kutoka upeo wa macho. Desemba linahamia kusini na kupanda zaidi, kama digrii 73. Kwa dirisha lenye kimo cha mita 1.2, upenu wa sentimeta 70 upande wa kaskazini unalifunika lote adhuhuri ya Juni. Kusini hata sentimeta 40 zinatosha. Sentimeta 40! Hiyo ni rula na penseli tu, haihitaji programu ya kompyuta ya mamilioni.

Balaa liko mashariki na magharibi. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka, linaingia ubavuni, na upenu wa kulizuia ungebidi utokeze mita tatu hivi. Ndiyo maana jengo la akili huelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, na upande wa magharibi huachiwa ngazi, vyoo, stoo na madirisha madogo. Sisi upande huohuo ndio tunaoupa kioo kizima, kwa sababu unatazama barabara kubwa na mwenye jengo anataka aonekane.

Haya, nakubali, kiwanja cha Kariakoo hakikupi nafasi ya kuchagua uelekeo. Na vipo vioo vya kisasa vinavyopunguza joto kweli. Vina bei yake, na vingine vinamrudishia jirani jua lako. London wana ghorofa lenye ukuta wa kioo uliobonyea, 20 Fenchurch Street. Mwaka 2013 mwanga uliorudishwa na kile kioo ukayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa chini. Walifanya nini? Wakafunga vizuia jua kwa nje. Uingereza hiyo, ambako jua lenyewe ni la kubahatisha.

Kinachonitia hasira ni kwamba hapa kwetu mambo haya yalishajulikana. Tembea Mji Mkongwe wa Zanzibar mchana: vichochoro vyembamba, nyumba zinakingiana jua zenyewe kwa zenyewe. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar, alisanifu majengo ya kisasa kabisa bila kuisahau hali ya hewa ya mji wake. Msanifu mwenzake, Beda Amuli, akatupa soko la Kariakoo miaka ya 1970, na miavuli yake mikubwa ya zege juu. Zege, na bado mtu unapumua.

Umeme ukikatika ndiyo utajua hujui, maana madirisha ya hayo majengo mapya mengi hayafunguki.

Ugonjwa umeshahamia majumbani. Shemeji yangu anajenga Madale, nyumba ya paa la kuficha, kuta zimenyooka juu, hakuna upenu hata wa kumkinga kuku na mvua. Sebule inatazama magharibi, dirisha moja la mita nne, aluminiamu nyeusi. Nikamwambia, "Shemeji, weka hata kibaraza hapo mbele, au punguza dirisha." Akanijibu kwamba kibaraza kitaharibu muonekano, nisubiri niione ikiisha. Nikamuuliza fundi jua linazama upande gani. Akanionyesha bila kusita, kidole kikaelekea palepale sebuleni. Sasa anajua na amekaa kimya, na ramani kachora mtu aliyesoma. Huyo aliyesoma ndiye ningependa tumkalishe kwenye ile sebule mwezi Februari, saa kumi jioni, umeme umekatika, atueleze alichokuwa anafikiria.