Kijana akihama sinia anahamia wapi?

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na ugeni hapa nyumbani Mbagala, mama mkwe alitoka Rufiji na shemeji yangu akaja kumsalimia, jioni chakula kilipoiva nikawaita wanangu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wanaitika tu "tunakuja mama" na hakuna anayetoka chumbani. Mkubwa ana miaka 17 yuko fomu foo, mdogo ana 14 yuko fomu tuu. Shemeji akaniambia, "Shemeji waache bwana, hao wanaume sasa, wawekee chao kwenye hotpoti njaa itawaleta." Mama mkwe alikuwa anamtoa samaki miba, hata uso hakuinua, akasema, "Mtoto asiyekula na wenzie hujui kashiba nini." Basi ukaanza mjadala pale mpaka ugali ukapoa, na mimi tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka kichwani maana kila upande nikiusikiliza naona una ukweli wake.

Nianze na wa shemeji, kwa sababu sisi wazazi huwa tunaupuuza haraka sana.

Mtoto wa kiume umri huu mwili wake una kazi kubwa. Kwenye ile miaka ya 13, 14 ambapo urefu ndio unakimbia anaweza kuongezeka kama sentimita 9 kwa mwaka mmoja, suruali ya shule umeshona Januari, ikifika mwezi wa tisa soksi zote ziko nje. Wataalamu wa lishe wanakadiria kijana wa miaka 14 mpaka 18 anayejishughulisha sana anahitaji kalori 2,800 hadi 3,200 kwa siku, wakati mwanamke mtu mzima asiye na kazi nzito anatosheka na 1,800 mpaka 2,000 hivi. Yaani huyo mtoto anaweza kula karibu mara moja na nusu ya mama yake na asiwe mlafi, ni mwili unadai. Hapa kwangu zamani kilo moja ya sembe tulikuwa tunakula ugali wanne na kinabaki, siku hizi kilo hiyohiyo sufuria linarudi limekombwa mpaka ukoko.

Sasa mdogo anarudi shule saa kumi na moja jioni, kutwa nzima kala muhogo wa kukaanga na maandazi mawili, afu mimi namwambia asubiri saa mbili na nusu baba yake afike ndio tule pamoja, na foleni ya kutoka mjini kila mtu anaijua, saa mbili na nusu inaweza kuwa saa tatu na nusu. Hayo masaa yote mtoto afanye nini? Anaenda kwa muuza chipsi, akirudi mezani hana njaa, mimi naona ananidharau kumbe tumbo limejaa. Mkubwa naye ana mtihani wa taifa Novemba, kikundi chao cha kusoma kinamalizika saa mbili usiku, akifika amechoka anataka kuoga kwanza. Na hata usingizi wao sio wetu, mwili wa kijana aliyebaleghe unachelewa kutoa ile homoni ya kulaza, kwa hiyo saa tatu ambayo mimi macho yanafumba yeye ndio kwanza amechangamka. Ongeza mpira, mechi kubwa za Ulaya za Jumanne na Jumatano kwa saa zetu zinaanza saa nne au saa tano usiku, na kule kibanda umiza ndiko walipo wenzake wote.

Lakini kuna sababu moja inayompa shemeji nguvu kuliko hizo zote, nayo ni kwamba nyumba nyingi pale kwenye chakula tumepageuza mahakama. Hakuna muda mwingine tunakuwa wote, kwa hiyo kila kesi inasubiri sinia: matokeo, nywele, nani alimwona wapi na nani, bando limeishaje wakati juzi tu limewekwa. Mwezi wa tano mkubwa alikuwa ameshika tonge, nikamuuliza hesabu amepata ngapi mtihani wa majaribio. Akalishika tu lile tonge, halafu akalirudisha pembeni mwa sinia taratibu, akavuta beseni akanawa. Sikuwa nimepandisha hata sauti. Hakuwa amefika hata nusu, na alikuwa anajua mimi najua alikuwa na njaa. Siku tatu zilizofuata alikuwa anakula anaporudi yeye, peke yake jikoni amesimama. Mtu akiniambia vijana wa siku hizi hawataki kula na wazazi, nauliza kwanza tunawalisha nini pamoja na ugali.

Haya, upande wa mama mkwe.

Lile neno lake la "hujui kashiba nini" nilidhani anaongelea chipsi. Hapana, mama wa watu alikuwa anaongelea mengine. Kwenye sinia unamwona mtoto mkono kwa mkono, anavyomega, anavyokimbilia kitoweo au anavyokisogeza, kama anatafuna au anameza tu. Mwaka jana mdogo alianza kula kwa pupa, sio kawaida yake, yeye ndiye wa mwisho kumaliza siku zote. Wiki nzima namwona anameza tonge kabla hajalichovya vizuri kwenye mchuzi. Kaka yake ndiye aliyenifuata baadaye, akaniambia, "Mama, huyu hali mchana." Tukaja kujua shuleni kuna wakubwa wanamnyang'anya hela ya kula karibu kila siku na yeye anaogopa kusema, baba yake akaenda kuzungumza na walimu likaisha. Kama kila mtu angekuwa anachukua sahani yake anaingia nayo chumbani nani angeliona hilo? Sahani ingerudi tupu na mimi ningefurahi mtoto anakula vizuri.

Sinia lina adabu zake ambazo huwezi kumsomea mtu kwenye karatasi. Unakula mbele yako, huvamii upande wa mwenzio, nyama inakaa katikati mpaka mkubwa aigawe, ukimaliza mapema huondoki unaacha mwenzio anaonekana mlafi. Sisi Waislamu tunayo hadithi ya Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, anasimulia alikuwa mtoto na mkono wake ulikuwa unazungukazunguka kwenye sahani, Mtume akamfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Nimeisikia tangu chuoni nikiwa mdogo ila mwaka huu ndio nimeitazama kwa jicho la mzazi: mafunzo yametolewa palepale kwenye chakula, maneno machache, yanahusu chakula chenyewe, basi mtoto akaendelea kula. Mimi yangu yalikuwa ya hesabu.

Watafiti nao wamelishughulikia sana jambo hili, hasa Marekani, ambako kwa miaka mingi watu waliambiwa vijana wanaokula na familia zao mara nyingi hawajiingizi sana kwenye pombe na madawa, tena wana furaha zaidi. Halafu mwaka 2012 Kelly Musick wa Cornell na Ann Meier wa Minnesota wakaja kupima upya, wakaangalia pia hali ya nyumba yenyewe, uhusiano wa mtoto na wazazi, kipato na mengineyo, na sehemu kubwa ya ile tofauti ikapungua. Kwa maneno mengine nyumba zenye maelewano ndizo zinazokula pamoja, sio kwamba ukiwakusanya tu watu kwenye chakula basi maelewano yanashuka yenyewe. Hili linawauma wote wawili, shemeji na mama mkwe. Linamwambia mama mkwe sinia peke yake sio dawa, na linamwambia shemeji mtoto akianza kulikimbia sinia huenda kuna kitu cha kuangalia, usikifunike na hotpoti.

Kuna jambo lingine nililimwuliza mama mkwe siku ya pili tukichambua mchicha, maana watu wanapenda kusema desturi yetu ni familia kula pamoja. Nikamwuliza, mama, wewe na wanao wa kiume mlikuwa mnakula sinia moja? Akacheka akasema, "Nani! Wakishaanza kukua wanahamia kwa baba zao barazani." Na kweli, sehemu kubwa ya Pwani ndivyo ilivyokuwa, na mpaka leo kwenye shughuli ndivyo ilivyo, wanaume sinia lao, wanawake na watoto wadogo lao. Mtoto wa kiume anakuwa na mama mpaka umri fulani, halafu siku moja anaitwa kule kwa wakubwa. Sasa hii ya baba, mama na vijana wote mkeka mmoja, sisi wengine tumeianzia mjini kwenye vyumba viwili vya kupanga ambako baraza lenyewe la kukalia halipo.

Kwa hiyo shemeji ana haki anaposema kijana lazima ajitenge na mama, hilo sio tabia mbaya iliyoletwa na simu, mababu walilijua wakaliwekea utaratibu. Ila tazama tofauti. Yule wa zamani akitoka kwenye sinia la mama kuna sinia lingine linamsubiri, kuna baba, kuna baba wadogo, kuna babu anayejua kugawa kitoweo, anakaa pembeni anasikiliza wakubwa wanaongelea mashamba na misiba na bei ya samaki, anajifunza uanaume bila mtu kumwambia kaa nikufundishe. Huyu wangu akitoka kwenye sinia langu anakwenda chumbani na sahani mapajani na simu imeegemezwa kwenye kikombe. Zamani mtoto alikuwa anahama sinia, siku hizi anahama tu, na hapo ndipo mimi na shemeji tunapoachana njia.

Ndio maana mimi naegemea kwa mama mkwe lakini sio kwa utaratibu wa kuita watu kama gwaride. Saa sio hoja kubwa kwangu tena, hoja ni mtoto asizoee kula bila mtu. Nawajua akina mama wanaouza chakula mpaka usiku, nawajua wanaume walinzi wanaotoka nyumbani saa kumi na mbili jioni wengine ndio wanaingia, huwezi kuwaambia familia zao zimeharibika kwa sababu saa mbili usiku hawapo mkekani. Kama ni asubuhi kwenye chai na kiporo sawa, kama ni Jumapili mchana sawa. Hata gharama zenyewe zinasema, ukipasha chakula mara nne kwa usiku mmoja gesi inakwisha haijafika mwisho wa mwezi, na anayekuja wa mwisho anakuta mchuzi mtupu vipande vimeshatembea.

Kwa sasa tumepanga hivi. Mdogo akirudi shule anakula kitu cha kutuliza tumbo, uji au kiporo, bila kuulizwa. Ijumaa usiku na Jumapili mchana ni sinia la wote na hakuna udhuru, siku nyingine anayechelewa anawekewa chake lakini kuna mtu atakaa naye akila, mara nyingi ni mimi, mara nyingine baba yake ambaye naye kafika muda huohuo, na hao wawili siku wakikutana hivyo wanakula sahani moja pale kibarazani, mimi siendi. Simu zinakaa juu ya friji na baba yao alikuwa wa kwanza kuweka ya kwake.

Mambo ya shule nimeyatoa kabisa kwenye chakula. Mkubwa hakuamini, Ijumaa ya kwanza alikula haraka haraka kama mtu anayesubiri swali, Ijumaa ya pili pia. Juzi Ijumaa tumekula wali na samaki wa nazi, tumemaliza, mdogo kashanawa, yeye bado amekaa anakwangua ukoko kwa kidole, akasema mwenyewe, "Mama, hesabu nimepata arobaini na mbili." Nikamuuliza kama ukoko aongezewe, akasema ndio, nikaenda kuuleta na sufuria lake.