Vitabu nilivyovisoma ugenini na maradhi tuliyomficha baba

Nilikuwa nimeishi Uingereza miaka tisa pale baba yetu alipopandishwa boti kutoka Pemba akiwa hajiwezi, akafikishwa hospitali mjini Unguja, na daktari akamwita ami yangu pembeni kumweleza kwamba ile ni saratani na imekwisha kuenea. Ami akatupigia simu watoto wote, na kwa muda usiozidi dakika kumi tukakubaliana kwamba mgonjwa asiambiwe. Hatukuona kuwa tunamdanganya. Kwetu kumficha mgonjwa ni kumhurumia, na mwenye kumfikishia habari nzito huonekana ndiye aliyemkatisha tamaa mpaka akafa. Baba alirudishwa nyumbani Wete, Pemba, akaishi wiki saba baada ya hapo, akiuliza kila siku ni maradhi gani haya yasiyosikia dawa, nasi tukimjibu kuwa ni vidonda vya tumbo. Alipofariki tulikuta daftari lake la madeni lina majina matatu ambayo hatukujua kama yeye ndiye aliyewadai au wao ndio waliomdai, na mmoja wao ni jirani ambaye hawakuwa wakisemezana tangu uchaguzi wa 1995. Hawakupata kuombana radhi, kwa sababu sisi tulimnyima baba kujua kwamba muda wake unakwisha.

Ndipo nilipoanza kutafuta vitabu. Kazi yangu hapa Leicester ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na mwenzangu wa zamu ya usiku aliniazima Being Mortal, kitabu kilichotoka mwaka 2014 cha Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Marekani ambaye wazazi wake wametoka India. Gawande anaeleza jinsi baba yake mwenyewe, naye daktari wa upasuaji, alivyopata uvimbe katika uti wa mgongo, na jinsi yeye mwana ilivyombidi amkalie kitako amuulize anaufahamu vipi ugonjwa wake, anachelea nini zaidi, anataka nini katika siku zilizobaki, na yupo tayari kuacha kipi ili akipate kipi. Ni maswali mepesi kuyatamka, lakini sisi watu wazima sita tulishindwa kumuuliza baba hata moja.

Katika kitabu hicho hicho yumo babu yake Gawande, mkulima wa India aliyekaribia miaka 110 akiwa amezungukwa na wana na wajukuu. Wenzangu wa kazini waliisoma sehemu hiyo kama habari ya dunia ya mbali, ilhali mimi nilikuwa nasoma habari za nyumba niliyoiacha Wete. Hapa mgonjwa huambiwa jina la ugonjwa wake, huulizwa kama anataka moyo wake ushtuliwe ukisimama, na jibu lake huandikwa na kuheshimiwa. Kisha ikifika magharibi hubaki peke yake, na mkono unaomshika ni wangu, nao unalipwa kwa saa. Chumbani kwa baba hapakukosa watu kumi usiku wala mchana. Ningelazimishwa kuchagua ningechagua chumba cha Wete bila kusita, lakini sioni ni sheria gani ya dini au ya mila inayotutaka, tukishamzunguka mgonjwa, tumfiche lake, hasa sisi tunaofundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba wasia na madeni havingojewi.

Kitabu ambacho ningependa kila daktari na kila mganga wa Pemba akisome ni The Spirit Catches You and You Fall Down, alichokitoa Anne Fadiman mwaka 1997. Lia Lee alikuwa mtoto wa wakimbizi wa Kihmong kutoka Laos waliohamia Merced, California, naye alianza kuanguka kifafa akiwa na miezi mitatu tu. Madaktari waliona hitilafu ya ubongo, na wazazi waliona roho ya mtoto imeshtuka ikauacha mwili. Dawa zilibadilishwa mara nyingi, wazazi hawakujua kusoma Kiingereza na wala hawakuziamini zote, mpaka ikafika mtoto kuchukuliwa na serikali akakaa kwa walezi wengine kwa muda. Mwaka 1986 alishikwa na kifafa kikali kilichomwacha bila fahamu, naye akaishi katika hali hiyo, akihudumiwa na jamaa zake, mpaka alipofariki mwaka 2012. Kinachouma ni kwamba Fadiman anatuonyesha watu wa pande zote mbili wakimpenda yule mtoto na kumtakia afya. Mtu aliyekulia Pemba hahitaji kufafanuliwa zaidi. Nilimwona shangazi yangu akiivua hirizi mkononi mwa mwanawe mbele ya mlango wa hospitali ili asije akagombezwa, na daktari akamwandikia mtoto dawa bila kujua kwamba tangu asubuhi amekunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na mizizi ya mganga, kwa kuwa hakuuliza, na shangazi hakuthubutu kusema.

Rebecca Skloot naye, katika The Immortal Life of Henrietta Lacks cha mwaka 2010, anasimulia habari za mama mweusi wa Marekani aliyefariki mwaka 1951, akiwa na miaka 31, kwa saratani ya shingo ya kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa bila ya yeye kuulizwa, na seli zake zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana maabara bila kukoma, zikatumika hata katika kazi ya chanjo ya polio. Wanawe walipata habari baada ya miaka zaidi ya 20.

Nilipokuwa nikikisoma niliwaza kisiwa chetu, kwa sababu Pemba nayo imo katika vitabu vya udaktari vya dunia. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto zaidi ya 24,000, ambao watafiti wa chuo kikuu chenye jina hilo hilo la Johns Hopkins walishiriki, kujua kama kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki kutapunguza vifo. Matokeo yalikuwa kinyume: penye malaria nyingi, waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi, ikabidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe mapema, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Lazima niwe mwadilifu hapa. Huu haukuwa mwili uliochukuliwa kwa siri, na waliokabidhiwa kusimamia usalama wa watoto ndio waliosimamisha. Hata hivyo ni habari yetu, iliyowafaa watoto wa nchi nyingi, na mimi niliisoma kwa Kiingereza, ugenini, nikiwa mtu mzima. Skuli ya Wete haikunifundisha hata sentensi moja kuihusu.

Kwa upande wa siasa ningeongeza In Place of Fear cha mwaka 1952, cha Aneurin Bevan, mchimba makaa ya mawe wa Wales aliyekuwa Waziri wa Afya siku huduma ya afya ya taifa ilipoanza Uingereza, tarehe 5 Julai 1948, akajiuzulu uwaziri mwaka 1951 kwa kupinga wananchi kutozwa fedha za miwani na meno ya bandia. Wazee wetu, walioahidiwa matibabu ya bure baada ya Mapinduzi ya 1964, wangekuwa na mengi ya kubishana naye.

Tena baraza la Wete linajua kubishana kuliko kikundi chochote cha wasomaji nilichokikuta katika maktaba za hapa, ambazo huazima vitabu hivi bure. Maneno ya mjadala huu tunayo tangu zamani: ridhaa, amana, wasia, radhi. Vitabu vyenyewe ndivyo havijafika barazani. Nimeanza na sura ambayo Gawande anamzungumzia baba yake. Naieleza kwa Kiswahili baada ya zamu, najirikodi kwenye simu, na dada yangu huwasikilizisha watu barazani baada ya sala ya isha. Ami hajasema neno kuhusu habari hiyo, lakini wiki iliyopita alimwomba dada amrudishie ile sehemu ya maswali.