Panda Taabu, Ushukie London Bridge

Nimeingia kwa shemeji sasa hivi, koti sijavua. Pilau sikuikuta. Nimekuta ukoko, na huo ukoko nimeugombea na watoto.

Kisa ni yeye shemeji. Kahamia Waterloo, hapa London, juzi tu, keshakuwa mwenyeji kuliko daraja la Waterloo lenyewe. Namuuliza kwa simu nipite wapi, ananijibu: "Shemu, treni nyekundu ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Bank, halafu ingia mtaroni, kituo kimoja tu umefika." Mtaroni! Na mimi nina kanzu nyeupe na hotpoti la chapati.

Bank mnaijua. Ngazi, korido, ngazi. Nikamkuta mzee wa Kizungu kaketi na mbwa wake, kofia kaipakata. Nikaweka adabu yote, nikakusanya Kiingereza changu: samahani mzee, mtaro uko wapi? Nilidhani ataita polisi. Akachangamka kama nimemtajia kijiji chao.

"Aa, mtaro! Leo Jumapili, kijana, umefungwa."

Kijana, na mvi zote hizi. Akaniweka darasani: mtaro ni ile njia ya treni ya Waterloo & City, ipo tangu 1898, vituo viwili tu, na Jumapili haitembei. Sasa nifanyeje?

"Panda Taabu mpaka London Bridge, ukamalizie na Jubilee."

Nikamwambia mzee wangu, taabu nimeipanda tangu asubuhi. Akacheka mpaka mbwa akasimama. Kumbe Taabu ni njia ya Northern, yaani ya Kaskazini, ile nyeusi; watu waliibandika jina hilo zamani na halijabanduka. Nikaenda, nikakuta kibao: Northern, kuelekea kusini. Nikamrudia. Mzee, ya kaskazini inaendaje kusini? Akasema ndiyo hiyo inayofika kusini kuliko zote, hadi Morden. Mbwa akanitazama kama mimi ndiye niliyezipa majina. Chapati zikapoa.

Daladala ilikukosea nini? Kibao kipo usoni, Mbagala–Kariakoo, anayejua kusoma kapanda, asiyejua konda anampigia kelele. Huku mwandishi wa gazeti kachukua Baker Street, kachukua Waterloo, kavisonga pamoja ikawa Bakerloo, na wenye reli wakakubali, 1906 hiyo. Kwa mtindo huo sisi tungekuwa tunapanda Mbagakoo. Na ile njia waliyoiita Circle, yaani Duara, tangu 2009 ina mkia mpaka Hammersmith. Duara lenye mkia ni kata, jamani, ya kuchotea maji.

Halafu hili la 2024, la kuzigawia njia za Overground, treni za rangi ya chungwa, majina sita. Yangu mimi ya kwenda kazini Wembley imeangukia Lioness. Simba jike! Wanasema ni heshima kwa mabinti wa timu ya taifa ya England, na nawapongeza, walicheza. Lakini mimi Yanga wa kuzaliwa. Baba akipiga simu asubuhi, uko wapi mwanangu, nimjibu nimo tumboni mwa Simba?

Kesho nazunguka na Bakerloo. Vituo vingi, sawa, nitalala humo humo.